Tanana, Nowitna au Koyukuk: uende mto gani kuwinda musi kwa boti Alaska

Msimu ukikaribia, Waswahili wenzangu wa Fairbanks na Anchorage huniuliza swali lile lile: "Musi wako wengi wapi?" Nawajibu bila kuficha kwamba wengi wako Koyukuk. Halafu nawaambia wasiende Koyukuk, walau si mwaka wa kwanza. Kumpata musi ni nusu ya kazi, na ni ile nusu nyepesi. Dume mkubwa wa Alaska ana kilo 540 hadi 720 akiwa hai. Ukishamchuna, ukamkata na kutoa mifupa, unabaki na nyama inayofika kilo 225. Hiyo nyama ndiyo inayokuchagulia mto.

Kwa asiyemjua, musi ni wa jamii ya kulungu na ndiye mkubwa kuliko wote duniani. Anakula mierebi na majani ya majini, ana miguu mirefu ya kukanyagia matope na theluji, na dume huota pembe pana kama sinia, zinazodondoka kila majira ya baridi na kuota upya. Mwezi wa Septemba ukielekea mwisho, madume huanza kutafuta majike, na hapo wengi hutembea na kuonekana kando ya maji. Ndiyo maana tunawinda kwa boti.

Sasa tatizo. Karibu kila unaposhushia boti kutoka barabara za Fairbanks, maji yanakupeleka mbali na gari lako. Mto Tanana unateremka kwenda Yukon, na Yukon inateremka kwenda magharibi hadi Bahari ya Bering. Unakwenda mtupu ukisukumwa na mkondo, unarudi umejaa ukipigana nao. Mimi nilizaliwa Utete, kando ya Rufiji, na nilidhani najua mto. Kusoma maji nilijua kweli: wapi kuna fungu la mchanga, wapi maji yanazunguka juu ya gogo. Ambacho sikukijua ni hesabu ya mafuta ya kupanda siku mbili na boti iliyozama hadi karibu na ukingo.

Kabla ya mto, jua sheria inakuitaje

Ukiwa umeishi Alaska miezi 12 mfululizo na hapo ndipo nyumbani kwako, wewe ni mkazi kwa sheria za uwindaji, hata kama huna uraia wa Marekani. Leseni ya mkazi ni dola 45, na tiketi ya kuripoti musi hutolewa bure. Ndugu yako mwenye uraia akija kutoka Minnesota au Texas, analipa dola 160 za leseni na dola 800 za lakiri ya musi, yaani lebo ya kufungia kwenye mnyama. Na yule atakayepanda ndege kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Muscat, asiye mkazi wala raia, hawezi kuwinda mnyama yeyote mkubwa bila mwongozaji mwenye leseni, na gharama yake ni kubwa sana. Nimeona watu wakipanga safari nzima na shemeji au binamu wa nje, na jambo hili wakalijua dakika ya mwisho.

Mengine yanahusu mito yote. Ni marufuku kupiga mnyama boti ikiwa inaendeshwa na mashine: sharti uzime, na mwendo ule wa mashine uishe kabisa. Musi anayeogelea hapigwi. Nyama yote inayolika hutolewa porini, pamoja na ya mbavu na shingo, na pembe hazitangulii nyama kutoka. Kuna maeneo ambako miguu na mbavu ni lazima zitoke zikiwa na mifupa yake, na hapo mzigo unaongezeka sana. Kitabu cha kanuni cha idara ya samaki na wanyama ya jimbo hutoka kila mwaka, na kila mwaka kuna kilichobadilika. Kisome cha mwaka huo.

Tanana na mbuga za Minto

Huu ndio mto wa karibu. Kutoka Fairbanks hadi Nenana ni kilomita 88 za lami. Unashusha boti, unateremka Tanana saa chache, unaingia mto Tolovana unaopita kwenye mabwawa ya Minto. Eneo hilo limekuwa hifadhi ya wanyama ya jimbo tangu 1988, na ni tambarare ya maji, nyasi na mierebi ambayo musi wanaipenda. Ukitaka njia fupi zaidi, kuna barabara inayofika kijiji cha Minto. Kijiji chenyewe kilihamia hapo 1969, baada ya mto kuwafurisha na kuwamegea ardhi pale walipokuwa.

Faida yake kubwa ni kwamba kosa halikuui. Mashine ikigoma, kuna boti nyingine itapita leo hii. Nyama ikianza kupata joto, kesho iko kwenye friza. Unaweza kwenda Ijumaa ukarudi Jumapili, na ukarudia wiki inayofuata. Kwa mtu mwenye zamu za kazi hospitalini au kiwandani hilo si jambo dogo.

Hasara zake zinatokana na ukaribu huo huo. Wawindaji ni wengi, na musi wa Minto wanaijua sauti ya mashine. Ukitegemea kanuni za jumla, dume anayeruhusiwa sehemu nyingi za huku ni yule mchanga mwenye pembe za ncha moja au mbili upande mmoja, au yule mkubwa ambaye upana wa pembe zake unafika sentimita 127, au mwenye idadi ya vichipukizi vya mbele vilivyotajwa katika kanuni. Wa katikati, hata akikusogelea mita 30, unamwacha. Kukadiria sentimita 127 kwa darubini jioni, ukiwa umesimama kwenye boti inayoyumba, ni mtihani. Sisi hutumia macho yake kama rula: kutoka jicho hadi jicho ni kama sentimita 25, kwa hiyo tunatafuta pembe zinazoingiza nafasi hiyo mara tano na zaidi. Tukibishana, jibu ni hapana.

Jambo jingine la Minto ni majani ya majini. Mashine ya jeti hunyonya maji kupitia wavu ulio chini, na majani yale huziba wavu kila baada ya dakika chache. Mwaka wa kwanza nilitumia asubuhi nzima nikilala kifudifudi tezini, mkono ndani ya maji ya nyuzi 5, nikichomoa majani. Propela hufanya kazi vizuri zaidi huko.

Nowitna

Mto huu naupenda, na nisingependa msomaji adhani nauelezea kama mtu asiye na upande. Unaanzia milima ya Kuskokwim na kuingia Yukon kilomita 60 hivi juu ya kijiji cha Ruby. Bonde lake ni hifadhi ya taifa tangu 1980, na sehemu kubwa ya mto wenyewe imelindwa kama mto wa asili usioguswa. Hakuna barabara, hakuna kijiji ndani. Mlangoni kuna kituo cha ukaguzi cha msimu. Unasimama, unaeleza mko wangapi na mna kibali gani, na ukitoka unasimama tena.

Yukon yenyewe ni maji ya kahawia yaliyojaa unga wa mawe unaotoka kwenye barafu za milimani. Ukizima mashine usiku ukaweka sikio kwenye bati la boti, unausikia unga ule ukisugua chini kama mtu anayepepeta mchele mbali. Unaingia Nowitna, na ghafla maji ni meusi, ya polepole, yanayokunja kona baada ya kona. Sehemu ya chini ina kina cha kutosha propela. Juu zaidi huja changarawe, na hapo jeti ndiyo inayopita.

Wengi hushusha boti Nenana, na ni kosa la mafuta. Mimi huendesha hadi Manley Hot Springs, mwisho wa barabara ya Elliott, kama kilomita 250 kutoka Fairbanks, karibu nusu yake changarawe. Gari linateseka, tairi ya akiba ni lazima, lakini umeruka sehemu kubwa ya mto Tanana. Kutoka Manley hadi mlango wa Nowitna ni zaidi ya kilomita 200 za maji, kupitia kijiji cha Tanana penye makutano na Yukon. Boti yetu ni ya alumini, bapa chini, futi 22, na mashine yake hula lita 30 kwa saa tukiwa na mzigo. Kuteremka tulitumia saa saba. Kurudi na musi mmoja, watu watatu na kambi, tulitumia saa kumi, kwa sababu mkondo wa kilomita 7 hadi 10 kwa saa unaipunguza kila hatua unayopiga. Jumla, pamoja na kuzunguka kuwinda, lita 620. Madumu yote tuliyobeba yalikuwa ya lita 500, na zilizobaki tulinunua Tanana kwa bei ya kijijini, ambapo kila lita imesafiri kwa jahazi la mizigo kabla haijakufikia.

Nieleze mwindo mmoja tu, kwa sababu unaonyesha kosa ambalo mtu wa boti hulifanya.

Ilikuwa siku ya nne. Usiku barafu nyembamba ilishika kwenye ndoo. Shemeji yangu, mtu wa Ujiji, alikuwa na mfupa wa bega wa musi wa mwaka uliotangulia, mkavu, mweupe. Wenyeji wa kabila la Koyukon wameutumia mfupa huo tangu zamani. Unausugua kwenye mierebi na magome, unatoa sauti ya dume anayekwangua pembe. Alisugua, akanyamaza, akasugua. Baada ya kama dakika arobaini tukasikia jibu ng'ambo ya bwawa, mguno mfupi wa kooni, halafu miti ikivunjika. Dume akatoka. Pembe zilikuwa pana hapakuwa na ubishi. Lakini alikuwa mita 400 kutoka kwenye maji yanayopitika na boti, na katikati palikuwa na matope yenye vichuguu vya nyasi.

"Shem, mwache asogee," akaninong'oneza. "Atakuja mwenyewe."

Sikumsikiliza. Nikasema bismillahi, nikafyatua, akaanguka palepale aliposimama.

Paja moja la nyuma pamoja na mfupa wake lilikuwa na zaidi ya kilo 55. Unalifunga kwenye fremu mgongoni, unainuka kwa kushika mti, kila hatua nyasi inalala na mguu unazama hadi gotini. Tulifanya safari tisa baina yetu. Tulimaliza saa nane usiku, tukiimba na kugonga sufuria ili dubu ajue tupo. Tangu hapo tuna kanuni: asiyekuwa ndani ya mita 100 za maji hapigwi, hata awe na pembe za namna gani. Nowitna ina musi wa kutosha kumfanya mtu awe na subira, na hiyo kwangu ndiyo sifa yake ya kwanza.

Ugumu wake ni kibali. Vibali vingi vya kuwindia mle hupatikana kwa bahati nasibu. Maombi hufunguliwa 1 Novemba na kufungwa 15 Desemba, majibu hutoka Februari. Usipoomba wakati wa baridi, bahati nasibu ya Septemba hiyo imekupita.

Koyukuk

Koyukuk una urefu wa kilomita 684, unatoka milima ya Brooks na kuingia Yukon chini ya Galena. Mabonde yake ya chini, hasa sehemu inayoitwa Three Day Slough, yana sifa ya kuwa na musi kwa wingi ambao sehemu chache za Alaska zinafikia, na madume yake ni makubwa kweli. Nimefika mara moja, na siku moja tu asubuhi nilihesabu kumi na mmoja kabla ya chai.

Kinachowalinda musi hao ni sheria. Eneo kubwa la chini la mto ni marufuku kutumia ndege kwa uwindaji wa musi, kwa hiyo kila mtu anaingia kwa boti, na kila boti lazima isimame kituo cha ukaguzi cha Ella's Cabin, kilomita 24 kutoka Yukon. Kibali ni cha bahati nasibu. Mkazi ana njia nyingine, kibali cha kujiandikisha anachokifuata mwenyewe, ila kwa kibali hicho pembe hukatwa ili zisiwe tena za kutundikwa ukutani. Anayetaka nyama hapotezi chochote. Mimi sikuona ninachopoteza.

Lakini tazama umbali. Kutoka Manley hadi Koyukuk ni karibu mara mbili ya Nowitna, na kutoka Nenana ni mbali zaidi. Safari ya kupanda na nyama ni siku mbili au tatu, mara nyingi mvua ikinyesha, na pale Yukon inapopanuka upepo wa kutoka chini ukikutana na mkondo huinua mawimbi ambayo boti bapa iliyojaa haiyapendi. Tulilala siku moja nzima kisiwani tukingoja upepo, nyama ikining'inia kwenye chanja chini ya turubai, tukiigeuza na kuipapasa kila saa kuona kama imekauka nje. Ikikauka juu na kubaki baridi, inakaa. Ikilowana, utaipoteza. Mwaka wenye Septemba ya joto, mto wa siku tatu ni hatari kwa nyama kuliko mto wa siku moja, hata musi wawe wengi kiasi gani.

Nasema hivi: Koyukuk ni wa boti mbili zinazosindikizana, siku kumi na mbili za likizo, na mtu mmoja aliyekwisha kupita huko. Kwa ndugu aliyetoka jimbo lingine, aliyelipa dola zake 960 na kubahatika kibali, hapo ndipo mahali pa kwenda, kwa sababu huenda hatarudi tena. Kwa mkazi wa Fairbanks anayetaka friza ijae kila mwaka, mafuta yake yanakula faida.

Mingine, kwa ufupi

Wapo wanaoshawishika na Porcupine na Black, kwa sababu barabara ya Steese inafika Circle na unashusha boti ndani ya Yukon yenyewe. Ni mito ya kupendeza, na ukiwa na nyama unateremka nayo hadi Fort Yukon kabla ya kupanda kurudi Circle. Ila tambarare za Yukon Flats zina musi wachache mno kwa ukubwa wake, na wenyeji wanawategemea hao hao. Siendi. Innoko ina musi, lakini iko mbali na barabara yoyote, na wengi huingia kwa ndege.

Boti uliyonayo

Usinunue boti kwa ajili ya mto uliousikia. Tazama iliyopo uani. Kama ina jeti, kumbuka jeti hupoteza takriban asilimia 30 ya nguvu ya mashine, na boti inayopaa vizuri, yaani kuinuka na kuteleza juu ya maji, ikiwa tupu inaweza kukataa kupaa ikiwa na musi ndani. Ijaribu kabla ya safari: pakia botini madumu ya maji ya kilo 400, nenda mto Chena au Tanana, panda mto, uone. Kama haipai, Minto ndio mto wako mwaka huu. Kama ina propela, chukua ya akiba na zana za kuibadilisha majini, kwa sababu mafungu ya Tanana yanahama, na njia uliyopita Jumatatu utapwelewa Alhamisi. Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe. Maji yale hayampi mtu muda.

Halafu kuna suala la ardhi. Kando ya mito yote hii kuna ardhi za mashirika ya wenyeji, zilizotokana na sheria ya 1971, na ni mali binafsi. Kambi tunaweka kwenye mafungu ya mchanga chini ya alama ya maji ya juu, na kabla ya kupanda ukingoni tunatazama ramani. Uzito wa jambo hili umeongezeka. Samaki wa Yukon wamepungua hadi mwaka 2024 Alaska na Kanada zikakubaliana kusimamisha uvuvi wa samoni wakubwa wa aina ya Chinook kwa miaka saba. Familia iliyokuwa ikijaza chanja samaki sasa inamtazama musi peke yake. Ukivuka kijiji ukiwa na boti iliyojaa, wanakuona.

Msimu ule wa mita 400, tulisimama kijiji cha Tanana kununua mafuta. Bibi mmoja aliteremka hadi majini akaitazama nyama yetu, akasifu jinsi ilivyokauka vizuri, akauliza kichwa kiko wapi. Tukamwambia tulikiacha porini baada ya kutoa pembe. Alinyamaza. Kisha akatueleza kwamba pua na nyama ya kichwa hupikwa supu, na ndicho chakula wanachowawekea wazee kwenye karamu za msiba. Tulimpa ubavu mzima, tukajaza fomu ya kuhamisha nyama kama sheria inavyotaka, tukaondoka tukiwa kimya hadi Manley.

Mwaka uliofuata shemeji alifunga kichwa kwenye mfuko wake wa kitambaa, akakiweka omoni penye ubaridi, juu ya kila kitu. Tulipokata kona ya Tanana, bibi alikuwa amesimama palepale ukingoni, na shemeji akaanza kukifungua kabla hata hatujatupa kamba.